Shashi Alizozifua Mama

Mama alifariki miezi mitatu iliyopita. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, husema alikuwa mfuaji, nao hudhani alifua nguo za watu kwa ujira. La. Mama alikuwa akifua damu.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Mtu mwingine akijikata kidogo hubana kidonda kwa dole gumba na kuendelea na shughuli zake. Yeye angevuja mpaka kesho yake. Mara nyingi ugonjwa huu mama humpa mtoto wa kiume bila yeye mwenyewe kuumwa, na Mama alilijua hilo kabla ya daktari yeyote kumwambia. Kaka yake, ambaye angekuwa mjomba wetu, alikufa akiwa na miaka tisa baada ya kung'olewa jino. Mama alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa siku mbili ambazo kaka yake alivuja kabla ya kufa, alipewa kazi moja tu, kufua vitambaa. Bibi alimwambia avifue kabla havijakauka, aanze na maji baridi, sabuni baadaye, na avianike ndani, maana majirani walishaanza kusema nyumba ile ina laana.

Mkono wake ukazoea hivyo. Nyumbani kwetu doa la damu halikukaa dakika tano. Foronya, mashuka, sare za shule, hata daftari moja la hesabu alilojaribu kuliokoa kwa kitambaa chenye maji akaliharibu kabisa. Doa dogo alilitemea mate akalisugua kwa kucha. Kipimo chake cha damu kilikuwa maji. Alisema, “Leo amevuja maji matatu,” yaani beseni lilimwagwa mara tatu ndipo maji yakatakata. Baba, alipokuwa hai, aliogopa sana akisikia maji matano.

Mdogo wangu akawa fundi saa. Mama ndiye aliyemchagulia, kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa na vifaa vyake havikuwa na ukali wa kumtisha mtu. Alimwekea meza ndogo chini ya baraza ya duka la viatu, na wateja wakampa jina la Dakika, kwa kuwa kila aliyekuja kuulizia saa yake aliambiwa, “Dakika moja tu, bosi,” na angeipata wiki inayofuata.

Dakika alipokuwa na miaka ishirini na minne, gego lake la chini likaoza. Alilificha karibu mwezi mzima. Mama aligundua mezani.

“Mbona unatafuna upande mmoja kama mbuzi aliyevunjika taya?”

“Nimezoea tu, Mama.”

“Umezoea tangu lini? Fungua.”

Alifungua. Mama alichungulia, akafunga mdomo ule kwa vidole viwili taratibu, akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya beseni tupu.

“Ni jino lile lile,” aliniambia. “La chini, kulia. La kaka yangu.”

Tulikwenda kliniki ya magonjwa ya damu asubuhi iliyofuata. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, miwani yake imezungushiwa plasta penye bawaba. Alituambia jino halina njia ila kutoka, maana usaha ukishuka shingoni itakuwa balaa kubwa zaidi. Kisha akasema anafanya utafiti wa dawa moja kwa watu wenye ugonjwa huu wanaong'olewa meno.

“Mwanangu daktari,” Mama alimkatiza, “kabla hujaendelea. Umeshawang'oa wangapi wa namna hii?”

“Kumi na mmoja, mama.”

“Waliokufa?”

“Hakuna.”

“Haya, endelea.”

Daktari akaeleza, na alieleza vizuri, nami nayaandika hapa kama nilivyoyashika. Dawa inaitwa asidi ya traneksamiki. Ile dawa ya kuchoma mshipani, inayoisaidia damu kuganda, ilikuwa adimu. Dakika angepata sindano moja tu kabla ya jino. Damu ingeganda kidogo kwenye shimo, lakini mwili una tabia ya kuyeyusha bonge la damu, na kinywani kazi hiyo huenda mbio kwa sababu mate nayo yanayeyusha. Asidi hii haigandishi chochote. Inazuia tu bonge lisiyeyushwe kabla kidonda hakijafunga. Mfamasia wa hospitali hutwanga vidonge, akavichanganya na maji na kuchuja, mgonjwa husukutua kwa dakika mbili, mara nne kwa siku, siku saba.

Mama alikuwa amemkazia macho. “Kwa hiyo haijengi ukuta. Inawafukuza wabomoaji.”

“Umenielewa kuliko wanafunzi wangu.”

“Ndiyo maana mate hutoa doa la damu!” Mama alinigeukia, amefurahi kama mtu aliyejibiwa swali la miaka. “Unaona? Miaka yote hii nilikuwa natema mate tu, kumbe ni dawa.”

Tukapewa chupa mbili za kahawia, shashi, vile vitambaa vyepesi vya hospitali ambavyo Dakika angeng'ata juu ya shimo, na mifuko ya karatasi ya kaki. Kila mfuko ulikuwa umepimwa na shashi yake, uzito ukaandikwa pembeni. Shashi ikitoka kinywani irudi mfukoni mwake, mfuko ufungwe kwa gundi, saa iandikwe juu. Hospitalini wangeupima bila kuufungua, na uzito ulioongezeka ndio ungekuwa damu. Mwishoni mwa fomu palikuwa na sentensi moja ambayo niliisoma kwa sauti kama nilivyosoma nyingine zote: mshiriki asiyefuata maelekezo ataondolewa kwenye utafiti.

“Ataondolewa, halafu?” Mama aliuliza.

Niligeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. “Halafu basi.”

Ningeweza kumuuliza daktari, alikuwa amekaa mbele yangu. Sikuuliza.

Jino lilitoka Jumatatu asubuhi, shimo likashonwa nyuzi mbili, tukarudi nyumbani. Dakika alikatazwa kuongea sana, kitu ambacho kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kufanikiwa kumkataza. Ili asipitwe na wakati wa kusukutua alijipangia saa zake tatu mezani, zote alizitengeneza mwenyewe, na kila moja ilisema lake.

“Fuata ile inayochelewa,” Mama alimwambia.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha kutoa nakala, mkabala na posta, na mwajiri wangu alikuwa amenipa ruhusa ya siku ile moja tu. Jumanne nilitoka asubuhi nikarudi alasiri. Nilikuta mifuko ya kaki imepangwa dirishani kama vitabu vya shule, imefungwa, saa zimeandikwa kwa ule mwandiko wa Mama uliochongoka. Nilimsifu. Alisema, “Ah, kazi gani hii,” akaniuliza kama nimekula.

Jumatano asubuhi, kabla sijaenda kazini, tuliipeleka mifuko hospitalini. Chumba cha mizani kilikuwa mwisho wa ukumbi, na aliyekitawala alikuwa mama mtu mzima, mpole, ambaye wagonjwa walimwita Mama Gramu. Aliweka mfuko wa kwanza, akasoma, akaangalia pembeni ya mfuko, akasoma tena.

“Umepungua,” alisema.

Akaweka wa pili. Nao umepungua. Alipofika wa tano, daktari aliingia na kalamu sikioni.

“Vipi huyu?”

“Mifuko inarudi myepesi kuliko ilivyotoka.”

“Mizani hiyo mbovu.”

“Mizani nimeipima leo asubuhi kwa jiwe lake.”

“Ipime tena. Juzi nayo ilisumbua.”

“Juzi haikusumbua. Juzi wewe ulisoma bila miwani.”

Daktari alicheka, lakini alichukua ile karatasi ya namba na kuipitia kwa kidole, nami nilimwona uso unavyomkunjuka. “Hata ikikosea gramu moja, huyu havuji. Havuji kabisa!” Akamshika Dakika begani. “Nenda nyumbani, endelea kusukutua, uje Jumatatu. Nikipata wengine wawili kama wewe nitaandika kwamba siku tatu zinatosha. Unajua chupa ngapi tutaokoa?”

Dakika akainua dole gumba. Mama akanivuta mkono.

“Njoo nje kidogo.”

Ukumbini palikuwa na benchi. Mama hakukaa.

“Zile shashi,” alisema.

“Zina nini?”

“Nimezifua.”

Nilidhani anazungumzia moja iliyodondoka chini. “Ipi?”

“Zote. Nimezifua chumbani kwangu, nimezianika kwenye kamba ya humo humo, zilipokauka nimezikunja nikazirudisha mifukoni.”

“Mama! Nilikusomea mara tatu!”

“Ulisoma, na mimi nilikubali. Halafu mtoto akanipa ile ya kwanza, na nilipozinduka beseni lilishakuwa jekundu.” Alikuwa akinong'ona, macho chini. “Nikasema moja si neno. Ya pili nikaona haya. Moja nyeupe, nyingine imejaa damu, si watajua? Nikafua na hiyo. Basi.”

Shashi ikifuliwa hutoa uzi uzi, hata mimi najua. Ndiyo maana mifuko ilirudi myepesi.

“Amevuja kiasi gani?”

“Juzi maji sita. Jana maji manne, na ya nne hayakutakata.”

“Na leo?”

“Leo foronya.”

“Foronya iko wapi?”

Aliniangalia tu. Nikajua iko kambani.

Dakika alitoka kututafuta. Mdomo umefungwa, akatoa kijitabu chake cha risiti na kuandika kwa herufi kubwa: MNATETA NINI. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakushangaa kuhusu damu, maana ni yake na alikuwa akiimeza tangu alfajiri. Alichoandika ni hiki: MAMA NYAMAZA. WATACHUKUA CHUPA. Akapiga mistari miwili chini ya chupa, karatasi ikatoboka.

Hapo ndipo Mama alipokaa. Nilikaa karibu yake. Kusema kweli, nilikuwa upande wa Dakika. Niliifikiria ile sentensi ya mwisho wa fomu, na niliona wazi chupa zile mbili zikirudishwa kabatini na mdogo wangu akirudi nyumbani na shimo wazi.

“Tukinyamaza,” Mama alisema polepole, kama anayehesabu nguo za kufua, “tunakwenda nyumbani na chupa, na anavuja, na daktari hajui. Nikisema, wanachukua chupa, na anavuja, lakini anavujia hapa, mbele ya madaktari.” Akamtazama Dakika. “Halafu kuna mtoto wa mtu atapewa siku tatu badala ya saba, kwa sababu ya beseni langu.”

Dakika aliandika tena, haraka: MTOTO WA MTU SI MIMI.

“Kaka yangu naye alikuwa mtoto wa mtu,” Mama alimjibu. “Na yule mama wa mizani anasingiziwa bure humo ndani. Nipishe, baba.”

Aliinuka, akajifunga vizuri, akaingia. Hakuzunguka. Alisimama mbele ya daktari na kusema, “Mwanangu, mizani ya huyu mama ni nzima. Mbovu ni mimi. Shashi zako nimezifua.”

Mama Gramu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Aliweka mkono juu ya mizani yake kama mtu anayemtuliza mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwingine. Mimi nilikuwa namwangalia daktari. Ule uso uliokunjuka ulijikunja tena, na nilisubiri akemee.

“Mama,” alisema, “unakumbuka zilikuwa na damu kiasi gani?”

“Juzi maji sita, jana maji manne, leo foronya nzima.”

“Maji?”

Mama akamweleza kipimo chake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na aliuliza beseni ni kubwa kiasi gani. Kisha akavuta kiti. “Kijana, kaa hapa. Fungua mdomo.”

Ndani ya shimo palikuwa na bonge laini, jeusi, kama kipande cha ini, likining'inia nje ya nyuzi, na damu ikipita chini yake polepole. Daktari alituonyesha kwa tochi. Bonge la namna hiyo halifungi kitu, alisema, linadanganya tu. Alilitoa, akasafisha, akaongeza uzi, akachovya shashi mpya kwenye ile asidi na kumng'atisha. Akampigia simu mtu wa stoo kuhusu sindano ya pili ya mshipani, wakabishana, akashinda. Kisha akaandika karatasi ya kulazwa.

“Kama angekuja Jumatatu...” alisema, huku akisaini.

Mama alikuwa bado amesimama. Alifungua mkoba wake, akazitoa zile chupa mbili za kahawia na kuziweka mezani, moja, halafu nyingine.

“Za nini?” daktari aliuliza.

“Si anaondolewa? Nazirudisha mwenyewe, nisije nikanyang'anywa mbele ya watu.”

“Nani amekwambia tunachukua dawa?”

“Karatasi yako.”

Daktari alitafuta fomu kwenye faili, akasoma ile sentensi, akavua miwani. “Karatasi hii niliiandika mimi,” alisema. “Kuondolewa kwenye utafiti ni kwamba namba zake hazihesabiwi. Matibabu ni yake hata kama asingeniandikia namba hata moja. Nilipaswa kulisema hapa, sikulisema.” Akazisukuma chupa mpaka mbele ya Mama. “Namba za siku mbili nazifuta. Huyu haondoki.”

Dakika, na shashi yake mdomoni, aliandika: MIMI NILISEMA ASEME.

“Mwongo mkubwa wewe,” nilimwambia.

Walimlaza siku tano. Mama alipewa kiti karibu na kitanda, na kazi ya mifuko ikabaki yake. Daktari mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Sista wa wodi alikuwa anashangaa kwa nini kila shashi inapotoka, Mama huitia mfukoni haraka, hubandika gundi, kisha huikalia mikono yake.

“Mama, unaumwa mikono?”

“Hapana, mwanangu. Naizuia.”

Nilipokuwa natoka kazini nilikuwa napitia pale na kumkuta amekaa hivyo, mikono chini ya mapaja, akimwangalia Dakika anavyosukutua, mashavu yamejaa, macho kwenye saa ya ukutani ambayo alikuwa ameshaikosoa kwa maandishi. Mifuko ya Alhamisi ilikuwa mizito. Ya Ijumaa ilipungua. Jumamosi Mama Gramu, ambaye siku hiyo hakuwa wa zamu, alikuja kuipima.

Mama aliishi miaka minane baada ya hapo. Dakika ameshang'olewa meno mengine mawili, na mara zote alirudi nyumbani siku hiyo hiyo na chupa ya kahawia. Siku hizi chupa hizo zinakaa dirisha la dawa kama dawa nyingine, na ukionyesha karatasi yako ya kliniki unapewa. Sijui namba za utafiti zilisema nini kwa ukamilifu. Daktari alinieleza, nikashika nusu. Ila najua kwamba fomu za waliofuata ziliongezwa sentensi mbili, moja ya kueleza kuwa matibabu hayakatizwi, na nyingine ya kukataza kufua. Nilizitoa nakala mimi mwenyewe, kibandani, kurasa mia mbili.

Mama alipoondoka, mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chake, Dakika ndiye aliyembeba kumlaza. Mwanaume mzima, mzima wa afya. Siku ya mazishi nililia kama watu wote, lakini nilipokuwa nikilia nilikuwa nikishukuru, na sikujua nimweleze nani. Nilimshukuru yule daktari na miwani yake ya plasta. Nilimshukuru mtu yeyote aliyekaa mahali fulani akafikiria kwamba badala ya kuongeza damu unaweza kuwazuia wabomoaji. Na zaidi nilimshukuru Mama kwa zile hatua kumi, kutoka kwenye benchi mpaka mbele ya mizani, ambazo mimi nisingezitembea.

Lakini nirudi nyuma, kule wodini. Siku ya saba tangu jino litoke, Jumapili, palikuwa na mfuko mmoja tu. Mama Gramu aliuweka mezani akasoma namba. Gramu mbili.

“Mate hayo,” alisema. “Mate matupu.”

“Soma tena,” Mama alisema.

Akasoma tena.

“Ufungue.”

“Hairuhusiwi, mama.”

“Najua. Ufungue.”

Mama Gramu alimwangalia daktari. Daktari aligeukia dirishani na kuanza kufuta miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu sana. Mfuko ukafunguliwa. Shashi ilitoka na unyevu, imekunjamana, na alama moja ya manjano ukubwa wa ukucha. Mama aliishika kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili, akairudisha mfukoni, na machozi yalikuwa yakimtoka.

“Sasa naweza kuongea?” Dakika aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya kwanza baada ya wiki nzima, imekwaruza kama redio. Hakusubiri jibu. Akaanza na saa ya wodini, kwamba inawahi kwa dakika nne na ni aibu kwa hospitali, akaenda kwenye uji wa Alhamisi, akahamia kwa jirani yake wa kitanda anayekoroma, akarudi kwenye saa. Daktari alijaribu kumweleza habari za nyuzi, akashindwa kupata nafasi. Mama alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

“Mwanangu daktari,” alisema, “hamna dawa ya kusukutua inayozuia na maneno haya?”

Tulicheka wote, na yeye Dakika akacheka zaidi ya sisi, mdomo wazi kabisa, na hakuna kilichotoka mle isipokuwa kicheko.